Ripoti Iliyokosa Kura



Tarehe 2 Oktoba mwaka 2018 kampuni ya Microsoft ilianza kusambaza toleo jipya la Windows 10. Hazikupita siku nyingi, malalamiko yakaanza kumiminika. Mtu anaweka toleo jipya, kompyuta inajizima na kujiwasha kama kawaida, anafungua folda yake ya nyaraka, hamna kitu. Picha hamna, video hamna, kazi aliyoiandika kwa miaka hamna. Mmoja wa waliopatwa na mkasa huo alieleza kwamba amepoteza mafaili ya zaidi ya gigabaiti 200. Kabla wiki haijaisha Microsoft ilisimamisha usambazaji, na toleo lile halikurudi hadi tarehe 13 Novemba, baada ya kurekebishwa na kujaribiwa upya.

Programu kuharibika si habari ngeni. Nimelichagua tukio hili kwa sababu ya jambo lililojulikana baadaye. Toleo lile lilikuwa limekaa miezi kadhaa mikononi mwa wajaribuji wa hiari kabla ya kufika kwa umma, na wapo kati yao walioliona tatizo. Waliliandika, wakalipeleka pale walipoelekezwa kupeleka, wakasema wazi kwamba wameweka toleo hili na mafaili yao yamefutwa. Ripoti zao zilikuwepo. Tatizo likapita mbele ya ripoti hizo, likatoka mlangoni, likaenda majumbani mwa watu.

Basi jioni hii tuzungumzie matoleo ya majaribio, yale yanayoitwa beta: yanavyoweza kuifanya programu iwe imara, na yanavyoweza kushindwa ilhali kila mtu anaamini kazi imefanyika.

Programu ya kompyuta au ya simu huandikwa na watu wachache, wenye mashine nzuri na mtandao usiokatika. Huijaribu wao kwa wao kwanza, na hatua hiyo huitwa alfa. Wakiona inasimama, huitoa kwa watu wa nje waliokubali kuitumia huku wakijua kwamba ina kasoro. Hapo ndipo beta inapoanza. Fundi cherehani mzuri hakabidhi gauni la harusi bila kumwita bibi harusi alivae likiwa bado limeshikizwa kwa pini, ainame, akae, anyanyue mikono. Vipimo vya utepe vilikuwa sahihi, lakini mwili una mambo yake ambayo utepe hauyajui. Programu nayo ina mwili utakaoivaa: simu ya mtu fulani, yenye mafaili yake, mazoea yake na haraka zake. Mwandishi wa programu hawezi kuukisia mwili huo akiwa mezani kwake.

Turudi kwenye mafaili yaliyofutwa, maana chanzo chake kinafundisha. Windows ina folda maalumu za nyaraka, picha, muziki na kadhalika. Mtumiaji anaruhusiwa kuzihamishia kwingine, tuseme kwenye diski ya pili yenye nafasi zaidi. Wapo waliohamisha folda lakini mafaili ya zamani wakayaacha palepale yalipokuwa. Hawakukosea, mfumo wenyewe uliwapa uchaguzi huo. Sasa, toleo lililotangulia, la Aprili 2018, lilikuwa na kasoro ndogo: liliwaachia baadhi ya watu folda mbili zenye jina moja, mojawapo ikiwa tupu. Watu wakalalamika, na Microsoft ikasikia. Katika toleo la Oktoba ikaweka maagizo ya kufuta zile folda za ziada. Kwa wengi zilifutwa folda tupu, kama ilivyokusudiwa. Kwa wale walioacha mafaili mahali pa zamani, folda ya zamani ilihesabiwa kuwa ya ziada, ikafutwa pamoja na kila kilichokuwamo.

Litazame jambo hilo vizuri, msikilizaji. Madhara yaliletwa na marekebisho yaliyoombwa na watumiaji wenyewe. Hakukuwa na mhalifu wala uzembe wa wazi. Kulikuwa na maagizo machache mapya yaliyowekwa kwa nia njema, yakakutana na mpangilio ambao watu wachache walikuwa nao. Ndiyo sababu hata sasisho dogo la kurekebisha linahitaji kupita mikononi mwa watu kabla ya kwenda kwa wote.

Na lilipita. Ila sikiliza lilivyopita. Wajaribuji wa Windows hupeleka ripoti zao katika programu iitwayo Feedback Hub. Mmoja anaandika tatizo, na wengine waliokutana na tatizo hilohilo wanalipigia kura ili lipande juu na kuonekana. Kwa kampuni inayopokea ripoti nyingi kila siku, kura husaidia kuchuja. Lakini mtu aliyefutiwa mafaili kwa sababu ya mpangilio ulio nadra, nani atampigia kura? Majirani zake katika majaribio hawana mpangilio huo. Kwao kila kitu ni shwari. Microsoft yenyewe ilisema baadaye kwamba ripoti za kupotea kwa mafaili zilikuwa sehemu moja ya mia ya asilimia moja ya kompyuta zilizowekewa toleo hilo. Yaani moja katika kila 10,000. Kitufe kisichopendeza machoni huonekana na wote na kinaweza kukusanya kura nyingi. Mafaili yaliyofutwa ya mtu mmoja yanabaki na kura ya mwenyewe.

Baada ya mkasa huo kampuni iliongeza nafasi ya mjaribuji kueleza uzito wa tatizo lake, ili ripoti ya kupoteza mafaili isipangwe foleni moja na ripoti ya rangi. Naipongeza kwa hatua hiyo. Pamoja na hayo inaniuma kufikiria kwamba mtu alijitolea muda wake, akapoteza vitu vyake katika majaribio, akaandika ili wengine wasipoteze, na maandishi yake hayakumfikia aliyeweza kuzuia. Tena safari hiyo kulikuwa na hatua iliyorukwa. Kwa desturi toleo la Windows hupitia kundi la mwisho la wajaribuji, linaloitwa Release Preview, kabla ya kutoka. Toleo la Oktoba 2018 halikupitia kundi hilo.

Naomba subira yako tufanye hesabu kidogo, kwa sababu hesabu hii ndiyo inayoonyesha ripoti moja ina thamani gani. Chukua kasoro inayompata mtu mmoja katika kila 10. Ukiwa na wajaribuji 12, uwezekano wa angalau mmoja wao kukutana nayo ni kama asilimia 72. Si haba. Sasa chukua kasoro ya mtu mmoja katika kila 10,000, na wajaribuji walewale 12. Uwezekano unaporomoka hadi kama mara moja katika 800. Ongeza wajaribuji wafike 10,000: bado ni kama asilimia 63 tu. Ili ufikie asilimia 95 unahitaji wajaribuji wapatao 30,000. Na programu hiyo ikishafika kwa watu milioni 20, kasoro hiyohiyo itawapata watu 2,000 wenye majina na familia.

Maana yake ni kwamba kasoro adimu ikionekana hata mara moja wakati wa majaribio, hiyo ni bahati kubwa. Kusubiri mtu wa pili aithibitishe ndipo ishughulikiwe ni kuitupa bahati. Edsger Dijkstra, mwanasayansi Mholanzi wa kompyuta, aliwahi kuonya wenzake kwamba majaribio yanaweza kuthibitisha kuwa kasoro ipo, lakini hayawezi kamwe kuthibitisha kuwa haipo. Wajaribuji wengi wakinyamaza hatujapata hakika. Mmoja akipiga kelele, tumepata.

Wako wanaoifanya kazi hii kwa utaratibu unaostahili kuigwa. Simu nyingi tulizonazo ni za Android, na kiini cha Android ni Linux. Kila toleo jipya la kiini hicho lina wiki mbili za kupokea mabadiliko mapya, halafu mlango unafungwa. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, anatoa toleo la kwanza la kujaribiwa, liitwalo rc1, na tangu hapo kila wiki, kwa kawaida Jumapili, anatoa jingine, hadi rc7, na mara nyingine rc8 ikiwa hajaridhika. Katika wiki hizo zote kazi ni kurekebisha. Mwenye jambo jipya, hata liwe zuri namna gani, anangoja zamu ijayo.

Debian, mfumo unaoendesha seva nyingi duniani na unaotunzwa na watu wa kujitolea, una utaratibu ninaoupenda zaidi. Kila kifurushi cha programu huanzia katika tawi linaloitwa unstable. Hukaa humo siku 2, 5 au 10 kulingana na uharaka wake, na kama hakuna kasoro nzito mpya iliyoripotiwa, ndipo kinavuka kuingia tawi la pili, testing. Toleo thabiti likikaribia, mabadiliko ya kawaida husimamishwa hadi kasoro nzito zipungue. Zingatia hapo: ripoti moja iliyothibitishwa kuwa ya kasoro nzito inatosha kukizuia kifurushi kisivuke. Haiulizwi imepata kura ngapi. Tena hawatangazi tarehe ya kutoa toleo mapema sana kwa kuwa tarehe huwafanya watu wafumbe macho; hutoa likiwa tayari. Debian 12 ilitoka tarehe 10 Juni 2023 kwa mwendo huohuo.

Kuna pia upande mwingine, beta isiyo na mwisho. Google ilifungua Gmail tarehe 1 Aprili 2004 ikiwa na neno beta kwenye nembo yake, na neno hilo likabaki pale hadi Julai 2009. Miaka mitano na zaidi, mamilioni ya watu wakiitegemea kwa kazi zao. Neno likikaa muda mrefu hivyo halimwambii tena mtumiaji kama ajihadhari au asijihadhari.

Lakini kinachonitia hofu zaidi ni mabadiliko yanayopita bila kuitwa toleo. Ijumaa ya tarehe 19 Julai 2024, saa moja na dakika tisa asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike ilituma faili moja kwa kompyuta za wateja wake. Kompyuta zikaanza kuanguka, skrini ya buluu, zikiwashwa zinaanguka tena. Faili liliondolewa saa mbili na dakika ishirini na saba. Dakika 78 tu, na kwa makadirio ya Microsoft kompyuta milioni 8.5 zilikuwa zimekwisha kuathirika. Viwanja vya ndege vikakwama, hospitali zikakwama, benki zikakwama. Shirika la ndege la Delta peke yake lilifuta safari zipatazo 7,000 katika siku zilizofuata. Na kuponya kompyuta kulihitaji, kwa nyingi ya hizo, mtu aende mbele ya mashine yenyewe, aiwashe kwa hali salama, alifute lile faili kwa mkono wake.

Programu ya ulinzi ya kampuni hiyo ilikuwa na hatua za majaribio, na wateja waliruhusiwa kubaki nyuma kwa toleo moja au mawili ili wengine watangulie. Hadhari hiyo haikulihusu lile faili. Lilihesabiwa kuwa maelekezo tu, taarifa za kutambua vitisho vipya, na likatumwa kwa wote kwa wakati mmoja. Uchunguzi ulionyesha kwamba maelekezo yalitarajia taarifa 21 wakati programu iliyoyasoma iliandaliwa kutoa 20. Programu ikaenda kutafuta ya 21 mahali pasipo na kitu, ikaanguka na kuiangusha kompyuta nzima. Nani angelijua mapema? Majaribio ya ndani yalikuwa yamefanyika, ila katika majaribio hayo nafasi ya 21 ilijazwa alama inayokubali chochote, kwa hiyo haikuwahi kusomwa kwa kweli. Kama faili lile lingetangulia kwa kompyuta elfu chache, dunia isingelisikia. Kampuni yenyewe ilikubali baadaye kwamba maelekezo kama hayo sasa yatatoka kwa awamu, na wateja watakuwa na kauli.

Kutoa kwa awamu ni ndugu wa beta. Katika Play Store msanidi programu anaweza kupeleka toleo jipya kwa asilimia moja ya watumiaji, akatazama, akapandisha hadi tano, hadi ishirini, hadi wote. Akiona moshi, anasimamisha. Waliokwisha kulipokea wanabaki nalo hadi atoe jingine lililorekebishwa, lakini angalau moto haukwenda mbali.

Sasa tuje kwetu, na hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Simu inayotumika Mbagala, Kisumu au Bukavu mara nyingi ni Tecno, Infinix au itel. Ina laini mbili. Nafasi yake imejaa picha na video za WhatsApp. Sasisho linashuka kwa bando, bando linakata katikati; au umeme umekatika tangu asubuhi na chaji imebaki kidogo, simu inazimika programu ikiwa inahifadhi. Msanidi aliyeko California, au hata aliye katika ofisi yenye jenereta pale Nairobi, hakutani na mambo haya kwenye meza yake. Sisi tunakutana nayo kila siku. Kama hatumo katika majaribio, mpangilio wetu ndio ule wa mtu mmoja katika 10,000 ambao hauna wa kuupigia kura, ingawa huku kwetu ni wa kawaida kabisa.

Chukua majina. Mtu wa Unguja anaandika anwani yake: Ng'ambo. Ile alama inayokaa kati ya g na a, katika lugha nyingi za hifadhidata ndiyo inayoiambia kompyuta kwamba maandishi yameishia hapo. Msanidi asiyejihadhari anapata Ng, na ambo inabaki inaelea. Fomu inakataa au programu inajifunga. Akina Ng'ang'a wa Kenya wana alama hiyo mara mbili katika jina moja. Kasoro hii inajulikana miaka mingi na dawa yake inajulikana, lakini inarudi tena na tena kila penye msanidi ambaye hakuna aliyemjaribia kwa jina la namna hiyo.

Chukua saa. Mgonjwa anaweka kikumbusho cha dawa katika programu iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Anaandika saa 2, akimaanisha saa mbili asubuhi baada ya chai. Simu inamwamsha saa nane usiku, na asubuhi inanyamaza. Kila neno kwenye skrini ni Kiswahili sanifu, na mtafsiri alifanya kazi yake. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kuitumia kwa wiki nzima huku akiishi kwa saa za Kiswahili. Vitufe navyo vina yake: kitufe kilichokatwa kwa kipimo cha neno fupi la Kiingereza kinalikata neno letu katikati, na mtumiaji hajui anakubali nini.

Na majaribio yakifanyika hapa kwa umakini huzaa matunda. Oktoba 2005 Safaricom na Vodafone, pamoja na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu, walianza kujaribu huduma ya fedha kwa simu mjini Thika na Nairobi, kwa wateja wasiofika 500. Ilikusudiwa kwa kurejesha mikopo ya vikundi. Wakiwatazama wateja hao wachache, waandaaji waliona mambo mawili. Kwanza, hesabu za huduma mpya hazikuoana vizuri na vitabu vya taasisi ya mikopo, na kazi ya kuzipatanisha ilikuwa nzito. Pili, watu waliitumia kwa mambo ambayo hayakupangwa: kutumiana fedha wao kwa wao, kumnunulia ndugu aliye mbali muda wa maongezi, kuweka fedha mjini asubuhi na kuitoa baada ya safari ili wasibebe noti njiani. Machi 2007 M-Pesa ilipozinduliwa kwa nchi nzima, ilikuja ikiwa huduma ya kutuma pesa nyumbani, na marejesho ya mikopo yakawekwa kando. Wateja wachache walibadili mwelekeo wa kitu kilichokuja kutumiwa na mamilioni, na waliweza kwa sababu kulikuwa na watu waliokuja kuwatazama wanafanya nini na kuwauliza kwa nini.

Niliahidi moyoni kuirudia ile namba 12 ya kwenye hesabu yetu. Tangu Novemba 2023 Google inamtaka msanidi binafsi anayefungua akaunti mpya kuijaribisha programu yake kwa kundi maalumu kabla ya kuruhusiwa kuitoa katika Play Store. Kwanza walitakiwa wajaribuji 20, na mwishoni mwa 2024 wakapunguzwa kuwa 12, wakae katika majaribio siku 14 mfululizo. Kijana wa Dodoma au Kampala anayeandika programu peke yake chumbani ameguswa moja kwa moja na sharti hili. Ni sharti gumu kwa asiye na jina, nalikubali hilo. Lakini nasikitika kuona lilivyozaa biashara: watu wanabadilishana majaribio, wewe weka yangu nami niweke yako, na wengine wanauza wajaribuji kwa bei. Programu inakaa kwenye simu 12 kwa siku 14 bila kufunguliwa, sharti linatimia, na msanidi hajajifunza lolote.

Kijana wangu unayenisikiliza, usinunue wajaribuji. Mpe mama anayeuza mboga pale sokoni, kama programu yako ni ya kuweka hesabu za biashara. Mpe bodaboda, mpe mwalimu, mpe shangazi ambaye miwani yake imevunjika na anasoma skrini kwa shida. Kaa kando, usimwelekeze, umtazame anapobonyeza pasipo. Hao 12, kama tulivyoona, hawatakuonyesha kasoro adimu, lakini zile za mmoja katika 10 zitajitokeza nyingi, na hizo ndizo zinazowafanya watu waifute programu siku ya kwanza. Na mmoja wao akikuletea jambo la ajabu ambalo huwezi kulirudia kwenye simu yako, usimwambie kwamba kwako inafanya kazi. Omba uione simu yake.

Nawe mtumiaji usiyeandika programu, nafasi yako ni kubwa kuliko unavyodhani. Programu nyingi katika Play Store zina sehemu ya kujiunga na beta. Ukijiunga, unachodaiwa ni ripoti nzuri. Kusema programu yenu mbovu hakumsaidii mtu. Sema hivi: simu yangu ni itel yenye laini mbili, nafasi iliyobaki ni ndogo, natumia programu kwa Kiswahili; nilifungua ukurasa wa anwani, nikaandika Ng'ambo, nikabonyeza hifadhi, programu ikajifunga; nikiandika bila ile alama inakubali; kila nikirudia inatokea vilevile. Ripoti ya namna hiyo msanidi anaweza kuifuata hatua kwa hatua hadi aione kasoro kwa macho yake. Weka picha ya skrini kama unaweza, lakini funika kwanza namba za simu na salio. Na kama kilichotokea ni kupotea kwa kitu, ujumbe, picha, fedha, kumbukumbu za mgonjwa, anza na hilo katika sentensi ya kwanza kabisa.

Jihadhari na mambo mawili. Usiweke toleo la majaribio kwenye simu pekee uliyo nayo kama ndiyo inayobeba biashara yako, wala usiweke beta ya programu ya benki au ya kutuma pesa ikiwa huna njia nyingine ya kuzifikia fedha zako. Na kabla ya kujiunga, hamishia picha na nyaraka zako mahali pengine, kwenye kompyuta au kadi ya kumbukumbu. Wale wa Oktoba 2018 waliokuwa na nakala pembeni walikasirika kwa siku moja. Wasiokuwa nazo hasara yao ilibaki.

Ukitaka kuacha, rudi kwenye ukurasa wa programu hiyo ndani ya Play Store, teremka hadi sehemu ya beta, chagua kuondoka. Kisha toa programu kwenye simu na uiweke upya, ndipo utapata toleo la kawaida. Kabla ya kuitoa, hakikisha yaliyomo yamehifadhiwa kwenye akaunti yako, kwa sababu kilichohifadhiwa ndani ya simu tu kinaweza kuondoka nayo.